Nguba: Namna ya kufungua sesio kwenye klasta ya kompyuta bila giza la Bukavu kuharibu kazi

Saa moja ya jioni mu Nguba, ule mutaa wa komini ya Ibanda unaoshuka hadi kwenye mupaka wa Ruzizi ya kwanza, umeme ukienda watu hawapigi tena kelele. Wanawasha tochi ya simu na kuendelea kula. Lakini kwa mwanafunzi ambaye mashini yake ilikuwa inazungumza na seva iliyo mbali, tuseme Nairobi, dakika ile moja ya giza inaweza kuwa saa sita za hesabu zilizopotea. Ruta imezimika, koneksio imekatika, na yote aliyoyaanzisha toka asubui yamesimama katikati.

Shida hiyo iko na dawa, tena dawa ya bure. Ila haifahamiki kama mutu hajui kwanza klasta ni kitu gani, na ile sesio anayoifungua inafunguka wapi.

Turbini moja, inchi tatu

Klasta ni kompyuta nyingi zilizowekwa katika chumba kimoja chenye baridi, zimefungwa kwa kamba za mtandao, na zinatumia hifadhi moja ya mafaili. Kila kompyuta ndani ya kundi hilo inaitwa nodi. Nodi moja inaweza kuwa na prosesa makumi na RAM ya giga mamia, wakati mashini ambayo wanafunzi wengi wanabeba mu sakoshi iko na giga 4 ao 8. Watumiaji hawakai mu chumba hicho. Wako kwao, kila mumoja katika muji wake, wanaingia kwa njia ya intaneti.

Raia wa Bukavu hawahitaji mfano wa mbali. Toka 1989 stesheni ya umeme ya Ruzizi ya pili inatumikiwa na Congo, Rwanda na Burundi kwa pamoja, chini ya kampuni ya SINELAC. Hakuna inchi iliyobeba turbini na kuipeleka nyumbani. Mashini iko fasi moja, na kila mumoja anapata sehemu yake kwa kipimo. Klasta inakwenda vile, na tofauti moja kubwa: delestaji ya mutaani haiulizi mutu kitu, lakini klasta inamuuliza kila anayeingia anataka kiasi gani na kwa muda gani. Jibu lake ndilo linaamua kama atangoja dakika mbili ao siku mbili.

Katika Afrika ya Mashariki, klasta moja inayojulikana sana kwa watafiti wa mifugo na mimea ni ile ya ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo iliyoanzishwa 1994, yenye makao yake Nairobi. Inatumiwa na watafiti wa taasisi hiyo pamoja na washirika wao. Upande wa kusini wa bara, kituo cha CHPC cha Cape Town kiko na mashini kubwa iitwayo Lengau, jina linalomaanisha duma katika Kitswana, iliyozinduliwa 2016. Wanafunzi wengine wa Kivu wanapata nafasi kwenye klasta za Ulaya, kupitia iniversite zinazoshirikiana na zile za huku.

Kwa kawaida mwanafunzi haombi akonti peke yake. Mtafiti mwenye mradi ndiye anaandika barua, anataja jina la mwanafunzi, kazi atakayofanya na muda wake. Klasta nyingi hazitozi franka hata moja kwa washirika, lakini zinataka mutu wa kujibu kama mambo yakiharibika.

Nani huku anaihitaji?

Swali hilo ni la haki, ju kuna watu wanaowaza kwamba hizi ni kazi za wazungu. Mnyauko wa migomba, ule unaosababishwa na bakteria, ulionekana upande wa Masisi mu 2001, kisha ukashuka na kuharibu mashamba mengi ya Kivu zote mbili. Ugonjwa wa batobato wa mihogo kila mulimaji wa Walungu ao wa Kabare anaujua kwa macho. Ili kujua ni aina gani ya kirusi ao bakteria iko katika shamba, na kama ni ile ile ya shamba la ng'ambo, watafiti wanasoma jenomu, yaani maandishi ya urithi. Jenomu ya muhogo iko na herufi zaidi ya milioni 700. Mashini inayosoma sampuli haiitoi kama kitabu kimoja. Inatoa mamilioni ya vipande vidogo vilivyochanganyikana, na kompyuta ndiyo inavipanga.

Mfano ulio karibu zaidi ni wa Kamituga, muji wa wachimba zahabu mu teritware ya Mwenga. Mu 2023 mpox ilianza kuenea huko kwa namna isiyozoeleka, ikipita toka mutu hadi mutu. Ni uchunguzi wa jenomu ulioonyesha kwamba hilo lilikuwa tawi jipya la kirusi, ambalo sasa linaitwa klade Ib. Tarehe 14 Agosti 2024 OMS ikatangaza kwamba mpox ni dharura ya afya ya kimataifa. Hesabu za namna hii ndizo zinazofanya klasta kuwa kitu cha raia, hata kama raia mwenyewe hataigusa kamwe.

Hapa inafaa kusema ukweli: jenomu moja ya mpox ni ndogo, herufi kama 197,000 tu, na mashini nzuri ya mezani inaweza kuipanga. Asiye na zaidi ya sampuli moja ao mbili asihangaike na klasta. Klasta inaanza kuwa na faida pale sampuli zinapokuwa makumi, ao pale kitu kinachosomwa ni muhogo, ng'ombe ao mutu mwenyewe, ambaye jenomu yake iko na herufi karibu milioni elfu 3.

Kutuma mzigo ao kupanda mashua

Kazi ya klasta inafanyika kwa njia mbili, na mu bandari ya Bukavu njia zote mbili zinaonekana kila jioni.

Kuna mufanyabiashara anayeleta kolia yake, anaandikisha jina na namba, analipa, anarudi nyumbani kulala. Mashua inasafiri usiku, na kesho yake mwenzake wa Goma anapokea. Hiyo ni kazi ya kutuma: mutu anaandika maagizo yote katika faili moja, anaikabidhi kwa klasta, anazima mashini yake. Zamu ikifika, klasta inafanya kazi na kuandika matokeo. Kisha kuna abiria, anayepanda mwenyewe, anakaa kwenye kiti chake, na akiona mambo hayaendi anasema palepale. Hiyo ndiyo sesio ya ana kwa ana. Mutu anapewa sehemu ya nodi kwa saa fulani, anaandika amri moja, anaona jibu, anaandika ingine.

Zamani njia ya kwanza ilikuwa peke yake. Mutu alipeleka kadi zake zilizotobolewa matundu, akangoja hadi kesho, na kama alikosea alama moja alianza upya. Mu 1961, kwenye chuo cha MIT huko Marekani, ulionyeshwa mufumo ulioitwa CTSS ambao uliwawezesha watu kadhaa kuandikia kompyuta moja kwa wakati mumoja, kila mumoja akiona majibu yake.

Kwa mwanafunzi, sesio ya ana kwa ana ni ya kujaribu: kuona kama programu inafunguka, kama faili inasomeka, kama amri aliyoinakili toka kwa mwenzake inafaa kwa data yake. Ikishakubali kwa sampuli moja, sampuli 60 zinazobaki zinapelekwa kwa njia ya kutuma. Wengi wanakosea hapa. Wanafanya kila kitu ndani ya sesio, wanakesha wakilinda skrini sawa vile mutu anayekesha akilinda chungu cha maharage, na hakuna aliyewaomba kukesha.

Mulango siyo nyumba

Kuingia kunafanyika kwa amri moja. Kwenye mashini ya Linux, ya Mac, na hata ya Windows ya siku hizi, mutu anafungua terminali na kuandika:

ssh jina@anwani-ya-klasta

Anwani yenyewe inatolewa pamoja na akonti. Mara ya kwanza mashini itauliza kama inaweza kuiamini seva hiyo. Mwangalizi wa klasta anakuwa ametoa alama ya kulinganisha, na kama zinafanana mutu anajibu yes. Kisha neno la siri. Wakati wa kuliandika hakuna kitu kinachoonekana, hata nyota. Wageni wengi wanadhani klavye imekufa, kumbe iko inaandika vizuri.

Asiye na mashini anaweza kuingia hata kwa simu ya Android yenye programu ya Termux. Vidole vitaumwa, lakini inawezekana, na imeokoa watu wakati mashini imeisha batri.

Sasa yuko ndani. Yuko wapi? Yuko kwenye nodi ya kuingilia, yaani mulangoni, siyo nyumbani. Kila mutumiaji wa klasta anapita hapo. Ni fasi ya kuandika, kupanga mafaili na kuomba zamu, basi. Anayeanzisha hesabu kubwa mulangoni anafanya sawa na mutu anayeweka meza ya kuuzia mu mulango wa basi: watu wote nyuma yake wanakwama. Waangalizi wanaua kazi za namna hiyo bila kuuliza, na wakirudia mara mbili ao tatu wanaweza kufunga akonti. Ujumbe unakuja kwa mtafiti mwenye mradi, na mwanafunzi anapata aibu ambayo angeweza kuiepuka kwa mustari mumoja.

Mustari wenyewe

Klasta nyingi, ile ya ILRI pia, zinatumia mugawaji wa zamu anayeitwa Slurm, programu iliyoanzia kwenye maabara ya Lawrence Livermore ya California mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kabla ya kuomba, ni vizuri kuangalia hali:

sinfo

inaonyesha nodi zipi ziko huru na zipi zimeshikwa, na

squeue

inaonyesha mulolongo wa watu, kama vile bido zilivyopangwa kwenye robine. Kisha ombi:

srun -c 4 --mem=8G --time=02:00:00 --pty bash

Tulisome polepole. Herufi c na namba 4 ni kuomba prosesa nne. Neno mem ni RAM, hapa giga 8. Neno time ni muda, hapa saa mbili. Maneno ya mwisho, pty na bash, ndiyo yanayoifanya iwe sesio ya ana kwa ana: yanaomba terminali iliyo wazi ndani ya nodi ya kazi. Bila hayo, amri itapita na kufunga.

Kwenye klasta ya ILRI waangalizi waliweka njia ya mukato, amri inayoitwa interactive, ambayo inaandika yote hayo kwa niaba ya mutumiaji. Mahali pengine kuna salloc. Lengau ya Cape Town haitumii Slurm, inatumia mugawaji mwengine aitwaye PBS, na huko amri ni qsub -I, ikifuatwa na kode ya mradi. Majina yanabadilika, lakini maswali yanabaki yale yale: prosesa ngapi, RAM ngapi, saa ngapi.

Baada ya kubonyeza, moja kati ya mambo mawili inatokea. Ao jibu linakuja mara moja, na jina lililo mwanzo wa mustari linabadilika toka jina la mulango kuwa jina la nodi. Ao inaandikwa kwamba kazi iko kwenye mulolongo, inangoja. Hapo siyo kosa. Mutu asibonyeze tena na tena, ju kila mara anaweka ombi lingine jipya. Ili kuhakikisha alipo, anaandika hostname. Kama jibu lingali ni jina la mulango, hajaingia bado, asianze kitu.

Namna ya kuchagua namba ndiyo inaleta mabishano. Mazungumzo kama haya yanajulikana kati ya mwanafunzi na asistan wake:

"Asistan, samahani, sesio yangu iko inangoja toka asubui."

"Uliomba RAM ngapi?"

"Giga mia mbili."

"Na faili yako iko na giga ngapi?"

"Tatu, Asistan. Niliandika tu vile mwenzangu aliandika."

Anayeomba giga 200 anangoja nodi kubwa ibaki tupu. Anayeomba 8 anapenya kwenye nafasi ndogo iliyobaki kando ya kazi za wengine, tena haraka. Kwa upande mwengine, aliyeomba kidogo kuliko kazi yake atakuta programu imeuawa katikati, mara nyingi na neno moja tu kwenye skrini: Killed. Neno hilo linaogopesha, lakini linasema tu kwamba RAM aliyoomba imejaa. Anafunga, anaomba zaidi, anarudia.

Kuna mutego hapa ambao hata wazoefu wanaingia. Ndani ya sesio, amri free -h inaonyesha RAM ya nodi nzima, siyo sehemu aliyopewa mutu. Akiona giga 250 anafurahi, kumbe zake ni 8. Namba ya kuamini ni ile aliyoandika wakati wa kuomba.

Muda nao hauna huruma. Saa mbili zikiisha, Slurm inafunga sesio na kila kilichokuwa ndani, hata kama zimebaki dakika tatu hesabu iishe. Mutumiaji anaweza kupunguza muda wake, lakini hawezi kuuongeza mwenyewe. Ni mwangalizi peke yake anayeweza. Kwa hiyo anayeona hatamaliza amuandikie mapema, kwa heshima, akitaja namba ya kazi yake. Na akumbuke kwamba saa ya Nairobi iko mbele ya saa ya Bukavu kwa saa moja. Tangazo likisema klasta itafungwa saa kumi na moja ya jioni saa za Nairobi, mu Nguba itakuwa saa kumi tu.

Umeme ukienda

Turudi sasa kwenye giza la saa moja. Sesio iliyofunguliwa kwa srun imefungwa kwenye koneksio ya aliyeifungua. Ruta ikizimika, mulango wa klasta unangoja kidogo, unaona hakuna anayejibu, unafunga. Srun inakufa pamoja nayo, na nodi inarudishwa kwa wengine. Klasta haijafanya kosa. Kwa macho yake, mutu ameondoka.

Dawa ni kuweka kitu katikati ambacho hakiondoki. Kinaitwa tmux (klasta zingine ziko na screen, inayofanya kazi ile ile). Ni programu ndogo inayofungua terminali upande wa klasta na kuiacha wazi hata kama mwenyewe hayupo. Mutu akishaingia mulangoni, kabla ya kuomba nodi, anaandika:

tmux new -s tfc

Neno tfc ni jina tu, kila mumoja anaweka lake. Mustari wa rangi unatokea chini ya skrini. Sasa, ndani ya tmux, ndipo anaandika ile srun. Mpangilio huo usigeuzwe. Anayefungua tmux baada ya kuingia kwenye nodi ya kazi hajajilinda, ju koneksio ikikatika srun itakufa na tmux yake itazikwa pamoja nayo.

Umeme ukienda sasa, kinachokatika ni ile kamba tu kati ya Nguba na klasta. Upande wa pili, tmux bado iko, srun bado iko, hesabu inaendelea. Mashini yenyewe inabaki na batri, kwa hiyo mwenyewe anawasha mega za simu, ao anangoja umeme urudi, ao anakwenda kulala. Kisha anaingia tena kwa ssh na kuandika:

tmux attach -t tfc

Skrini inarudi kama alivyoiacha, na mistari iliyoandikwa wakati yeye hayupo. Akitaka kuondoka kwa hiari, bila kukatwa na giza, anabonyeza Ctrl pamoja na b, anaachia, kisha d.

Kwa klasta zilizo na milango mingi kuna jambo moja la kuandika pembeni ya daftari. Tmux inabaki kwenye mulango ule ulioifungua. Anayeingia kesho yake kwa mulango wa pili atatafuta tfc na kuambiwa haipo, atadhani kazi imepotea, ataanza upya. Dawa ni kuandika hostname kabla ya tmux na kushika jina hilo.

Mega, na mambo ya mupaka

Watu wengi wanaogopa kwamba kazi ya namna hii itakula mega zote. Ni kinyume. Terminali inapitisha maandishi tu, na maandishi ni mepesi. Saa nzima ya ssh inaweza kutumia mega chache kuliko video moja fupi ya WhatsApp. Hesabu yenyewe inafanyika huko kwenye klasta, kwa umeme wa huko. Kwa mutu wa Bukavu hiyo ndiyo faida kubwa kupita ukubwa wa nodi.

Kinachokula mega ni kusafirisha mafaili. Kosa linalogharimu sana ni kushusha data toka benki za kimataifa hadi mashini ya Nguba, kisha kuipandisha tena hadi Nairobi. Data hiyo ishushwe moja kwa moja kwenye klasta, kutoka ndani ya terminali, isipite Bukavu kamwe. Kwa faili ambazo ni lazima zitoke huku, kama matokeo ya maabara, rsync inashinda njia zingine: ikiwekwa --partial, koneksio ikikatika haianzi upya, inaendelea pale ilipofikia. Wenye giga nyingi wanabeba diski ya nje hadi kwenye ofisi yenye koneksio nzuri, wanapandisha usiku.

Madirisha yenye picha toka kwenye klasta yanawezekana, na klasta nyingi zinayatoa ndani ya navigateri. Kwa koneksio ya hapa yanachosha. Ni heri kuzoea maandishi.

Nguba iko na tabia yake ingine. Karibu na Ruzizi, simu inaweza kushika mtandao wa ng'ambo, kisha kurudia wa huku. Kila mara inapobadilika, anwani ya intaneti nayo inabadilika, na ssh inakatika bila umeme kuwa na hatia yoyote. Kuchagua mtandao mumoja katika simu, kwa mkono, kunapunguza shida hiyo. Kuna pia koneksio zinazolala kama hakuna kitu kinachopita ndani. Kwa hizo, mustari mumoja katika faili ya config iliyo ndani ya folda ya.ssh unatosha kuziamsha kila dakika:

ServerAliveInterval 60

Hakuna hata moja kati ya hayo inayochukua nafasi ya tmux. Yanapunguza tu mara ambazo mutu ataihitaji.

Kiti kilichoshikwa bure

Tmux iko na upande wake mubaya, na wanaofundisha mara nyingi wanauruka. Ju sesio haifi tena peke yake, mutu anaweza kuisahau. Aliomba saa 24, akafanya kazi saa mbili, umeme ukaenda, akalala. Asubui akaenda kwenye kozi. Prosesa zake nne na giga zake 8 zimekaa kimya, hazifanyi kitu, lakini kwenye mulolongo zinaonekana zimeshikwa. Mutu mumoja siyo neno. Wakiwa kumi na watano, klasta imejaa watu wasiokuwepo, na yule wa Kamituga, wa Kampala ao wa Addis Abeba anayetaka dakika kumi za kujaribu anangoja hadi usiku.

Bukavu inaelewa jambo hili kupita muji mwengine wowote. Kila mumoja amewahi kusimama kwenye robine nyuma ya bido tano zisizo na mwenyewe, ambazo mutu aliziacha hapo toka alfajiri ili kushika nafasi.

Kwa hiyo kuna mambo mawili. La kwanza, kuomba saa kulingana na kazi: ya kujaribu, saa moja ao mbili zinatosha, inayotaka saa 24 iende kwa njia ya kutuma, kwa sbatch. La pili, kufunga. Akishamaliza, mutu anaandika exit ndani ya nodi, na jina la mulango linarudi mwanzo wa mustari. Anaandika exit tena, tmux inafunga. Kama alikatwa na hawezi kurudi ndani, anaingia mulangoni na kuandika squeue -u ikifuatwa na jina lake la akonti, anaona namba ya kazi iliyobaki, na kuimaliza kwa scancel na namba hiyo.

Kisha anarudia squeue mara moja tena. Kama chini ya kichwa cha orodha hakuna mustari wowote, hadaiwi kitu, anaweza kufunga mashini na kuiacha ichaji kama umeme umerudi.